Jinsi ya kutoa hukumu juu ya filamu za kutisha, za maajabu na za kuchekesha ukiwa Lubumbashi

Mtu akikuuliza filamu uliyoitazama jana usiku ilikuwaje, ukamjibu kwamba ilikuwa nzuri sana, hujampa kitu anachoweza kukitumia. Bado hajui kama aitafute, kama awaruhusu watoto waitazame, wala kama fedha atakayotoa itakuwa imepotea. Mhakiki hujibu swali hilohilo kwa kuonyesha kilichomfanya aamue hivyo, ili hata msomaji asiyekubaliana naye aone mahali ambapo njia zao zinaachana. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya vijana wa mitaa ya Lubumbashi, yaani Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Kampemba, ambao wamekuwa wakiniletea maandishi yao kuhusu filamu na kuniuliza kwa nini watu hawayasomi hadi mwisho. Nimechagua aina tatu tu, kwa sababu ndizo ninazoletewa zaidi na ndizo ninazoona zikihukumiwa kwa haraka zaidi: filamu ya kutisha husifiwa kwa kuwa mtu alipiga kelele, ya kuchekesha kwa kuwa mtu alicheka, na ya maajabu kwa kuwa ilijaa rangi na moto. Kelele na kicheko ni dalili, na kazi ya mhakiki ni kutafuta chanzo chake ndani ya filamu yenyewe, kisha kukiweka mbele ya msomaji kama shahidi anavyoleta ushahidi barazani.

Hakikisha kwanza kwamba umeiona filamu yenyewe

Hatua ya kwanza haihusu sanaa. Filamu nyingi hutufikia zikiwa zimenakiliwa kutoka fleshi moja hadi nyingine, na katika safari hiyo hupoteza dakika, rangi, na wakati mwingine sauti ya upande mmoja. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwamba filamu fulani ya kutisha ilimalizika ghafla, na kwamba mwongozaji wake alikosa ujasiri wa kutuonyesha matokeo ya jambo alilolianzisha. Baada ya wiki chache niliitazama tena nyumbani kwa rafiki yangu, nikagundua kwamba nakala yangu ilikuwa imekatwa karibu dakika kumi na nane za mwisho, na humo ndimo ulimokuwa ujasiri wote niliodai haupo. Niliandika masahihisho na kuwaomba radhi wasomaji, lakini najua kwamba wengi waliosoma hukumu ya kwanza hawakuiona ya pili, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokiandika katika daftari ni urefu wa filamu kama ulivyotangazwa, na kando yake urefu wa nakala niliyo nayo. *Sinners* ya Ryan Coogler, iliyotoka mwaka 2025, ina dakika 137; *Get Out* ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ina dakika 104. Nakala yako ikipungua kwa robo saa, tafuta nyingine kabla ya kufungua mdomo. Vilevile usizime majina yanapoanza kupita, kwa maana katika *Sinners* kuna tukio zima baada ya hapo, na asiyeliona hajui hadithi ile imefikia wapi.

Andika pia ulitazama kwenye kitu gani. Robert Eggers, katika *Nosferatu* ya mwaka 2024 inayorudia hadithi ya filamu ya mwaka 1922, amepiga matukio mengi ya usiku kwa mwanga mdogo mno. Ukiitazama kwenye simu ndani ya basi saa sita mchana, utauona uso wako mwenyewe kwenye kioo kuliko utakavyowaona waigizaji. Kumlaumu mwongozaji kwa giza hilo ni kumwonea. Subiri usiku, omba skrini kubwa ya jirani, funga mapazia. Umeme ukikatika katikati, nao hukatika, usiendelee kesho yake pale ulipoachia ukidhani kwamba hakuna kilichopotea. Filamu ya kutisha huongeza uzito kidogo kidogo kama mtu anayekutwisha mzigo kichwani jiwe baada ya jiwe, na ukishautua usiku kucha, jiwe la mwisho halitakulemea asubuhi. Rudi nyuma angalau dakika ishirini.

Katika kutazama mara ya kwanza, daftari lako lipokee ulichokiona na ulichokisikia pamoja na dakika yake, bila maoni. "Dakika ya 31, mlango unafunguka, hakuna upepo, sauti ya jokofu inakoma" ni sentensi utakayoweza kuitumia wiki nzima. "Inatisha sana" haitakusaidia hata kesho, kwa sababu utakuwa umesahau ni nini kilichokutisha.

Filamu ya kutisha: anza na masikio

Chukua tukio lililokuogopesha kuliko mengine yote, ulirudie bila sauti. Mara nyingi hofu itakuwa imeondoka, na utabaki na mtu anayetembea kwenye ukumbi. Kisha ulirudie ukiwa umefumba macho, usikilize ni nini hasa kilichokuwa kikifanya kazi: je, ni mlio mmoja wa ghafla uliopandishwa juu, au ni sauti iliyokuwa ikiandaliwa tangu mbali? Tofauti hii ndiyo inayotenganisha kushtuka na kuogopa. Hata mlango uliobamizwa na upepo hukushtua, na mwongozaji anayekushtua mara kumi amefanya kazi ambayo upepo huifanya bure. Unaogopa pale unapokuwa umeelewa jambo ambalo mtu aliye kwenye skrini bado hajalielewa, ukawa huna njia ya kumwambia. Kwa hiyo hesabu katika daftari: mishtuo mingapi, na ni mingapi kati yake iliyotanguliwa na maarifa. Hesabu hiyo peke yake itakupa aya nzima ya uhakiki.

Mfano bora ninaoujua unatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko watazamaji wengine. Mwanzoni mwa *Get Out*, majina yanapopita juu ya miti iliyo kando ya barabara, tunasikia sauti za watu wakiimba kwa kunong'ona. Wimbo huo uliotungwa na Michael Abels unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", na maneno yake ni ya Kiswahili: ni wahenga wanaomwonya ndugu yao juu ya hatari na kumhimiza akimbie. Kwa mtazamaji wa Marekani asiyejua lugha, hizo ni sauti za mbali zenye fumbo. Kwa mtu aliyekulia Kamalondo, kijana Chris, mhusika mkuu wa filamu, ameshaonywa kabla hajafunga hata begi lake la safari, na dakika mia zinazofuata ni za mtu ambaye hakuelewa lugha ya wazee wake. Kwa sikio langu, sarufi ya kichwa cha wimbo ni ya mgeni, maana sisi tungesema "wasikilize wahenga", na niliitaja kasoro hiyo nilipoandika juu ya filamu hii; lakini hukumu yangu juu ya ufunguzi ule ilikuwa ya sifa kamili, kwa sababu hofu yake inatokana na kujua. Hapo kuna funzo la kazi: sikiliza ukiwa mahali ulipo, uandike kile ambacho mhakiki wa Paris au wa New York hawezi kukisikia. Hakuna anayehitaji kutoka Lubumbashi nakala ya maoni yaliyokwisha kuandikwa kwingine.

*Sinners* nayo inasomeka upya ikiangaliwa kutoka mlango wa nyumba zetu. Hadithi iko Mississippi mwaka 1932. Mapacha wawili, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanafungua nyumba ya muziki na dansi katika jengo lililokuwa kiwanda cha mbao, na usiku wanyonyadamu wanafika mlangoni. Kwa kanuni ya zamani ya hadithi za aina hii, mnyonyadamu haingii hadi akaribishwe. Sasa fikiria kwamba sisi ni watu ambao anayebisha hodi hujibiwa "karibu" kabla uso wake haujaonekana, na ambao kumwacha mgeni asimame nje ni aibu inayosimuliwa mtaa mzima. Hofu ya filamu hii inatupata katika adabu yetu wenyewe. Watu walio ndani wanalazimika kumkatalia mlango mtu wanayemfahamu, anayesema kwa upole, anayeuliza kwa nini leo hakaribishwi, na nilipoitazama pamoja na ndugu zangu, chumba kizima kilinyamaza katika matukio hayo kuliko katika matukio ya damu.

Hukumu yangu juu yake ilikuwa hii: sehemu ya kwanza, ambayo haina mnyonyadamu kwa muda mrefu, ndiyo iliyo bora, kwa sababu inatufanya tuwapende watu kabla ya kuwahofia, tukio ambamo kijana Sammie anapiga gitaa na wanamuziki wa nyakati zilizopita na zijazo wanatokea wakicheza pamoja naye ni miongoni mwa matukio mazuri kuliko yote niliyoyaona miaka hii, na mtu wa Katanga aliyerithi upigaji gitaa wa mwanamuziki Mwenda Jean Bosco ataelewa bila kuelezwa kwa nini muziki unaweza kuwaita waliolala, lakini mapigano ya usiku wa mwisho yamekatwakatwa kiasi kwamba nilipoteza habari ya nani yuko upande gani wa chumba, na mtazamaji asiyejua mtu yuko wapi hawezi kumhofia. Angalia jinsi hukumu hiyo ilivyo na vipande vitatu, kila kipande kikiwa na tukio lake. Msomaji anaweza kwenda kuthibitisha.

Kipimo kingine ninachokitumia nimekipata kwa nkambo wangu, yaani mzazi wa mzazi wangu. Wazee wa Katanga walisimuliana habari za mutumbula, yule mtu wa usiku ambaye wakati wa ukoloni alisemekana kuwateka watu na kwenda kuwanenepesha ili waliwe. Nkambo hakuwahi kutueleza sura yake. Alitaja barabara, saa, na mtu ambaye hakurudi, kisha akanyamaza, nasi tuliogopa kwenda chooni. Ninapotazama filamu ya kutisha ninauliza: je, kiumbe hiki kingebaki na nguvu kama kisingeonyeshwa? *His House* ya Remi Weekes, ya mwaka 2020, inamfuata Bol na mkewe Rial, wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza na wasioruhusiwa kuihama, wakati kitu kilicho ndani ya kuta kinadai deni lao. Rial anasimulia habari za apeth, mchawi wa usiku anayemfuata mwizi hadi nyumbani kwake. Masimulizi hayo, yakitoka kwa Wunmi Mosaku aliyeketi tu na kusema kwa sauti ya kawaida, yaliniogopesha kuliko apeth mwenyewe alipokuja kuonekana waziwazi. Niliandika hivyo, na niliongeza kwamba filamu haikuanguka kwa sababu hiyo, kwa kuwa deni lenyewe, lile tendo walilolifanya njiani, ndilo lililokuwa zimwi tangu mwanzo. Sitalitaja hapa, nawe usilitaje utakapoandika.

Filamu ya maajabu: andika sheria za ulimwengu wake

Filamu ya maajabu inatuomba tukubali ulimwengu wenye sheria tofauti na zetu. Ifikapo nusu saa ya kwanza, simamisha na uandike sheria hizo kama ulivyozielewa: nguvu hii inaweza kufanya nini, haiwezi kufanya nini, na anayeitumia analipa nini. Kisha endelea, ukiweka alama kila mahali sheria inapovunjwa bila sababu. Wachoraji wa mji wetu walimchora mamba muntu, yule kiumbe wa majini aliye nusu mwanamke nusu samaki, kwa miaka mingi kwenye picha zilizotundikwa sebuleni, kila mmoja kwa rangi zake na nywele zake, lakini mtazamaji aliijua sheria: anatoa mali, na mali hiyo ina malipo yake. Sura ilibadilika, sheria ikabaki, ndiyo maana picha zile zilikaa ukutani bila kuchosha. Filamu ambayo shujaa wake anapata nguvu mpya kila anapobanwa imeuza sheria yake kwa bei ya mapigano, na mhakiki aseme ni dakika gani biashara hiyo ilifanyika.

Usisifu gharama. Dola milioni mia mbili zilizotumika haziwi sababu ya kupenda wala ya kuchukia. Na filamu ikikatwa sehemu mbili, kama *Wicked* ya mwaka 2024 iliyomalizia hadithi yake mwaka uliofuata, hukumu kile kilichowekwa mbele yako: je, sehemu hii inasimama kwa miguu yake, au inakuomba mkopo utakaolipwa baada ya mwaka mmoja?

Hata hivyo, kwetu neno "maajabu" lina ugumu ambao vitabu vya uhakiki vinavyotoka nje havitaji, nao ndio unaonifanya niandike mwongozo huu badala ya kuwaelekeza vijana kwenye vitabu hivyo. Mambo ambayo mtazamaji wa Ulaya huyaweka katika kapu la kubuni, yaani uchawi, laana, damu iliyomwagika mahali pasipostahili, kwa majirani zetu wengi ni habari. Watu wamefukuzwa nyumbani kwa ajili yake. Watoto wamelala nje kwa ajili yake. Mhakiki wa Lubumbashi anayeandika juu ya filamu yenye mtoto mchawi kana kwamba anaandika juu ya joka lenye mabawa atakuwa amefumba macho mbele ya mlango wake mwenyewe.

Filamu iliyonilazimisha kufikiri jambo hili hadi mwisho ni *Augure*, ya mwaka 2023, filamu ndefu ya kwanza ya mwanamuziki Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, na ambaye jina lake lenyewe masikioni mwa watu wa Katanga linasema "wachawi". Ilipewa tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard cha tamasha la filamu la Cannes. Koffi, anayeigizwa na Marc Zinga, anarudi Kongo kutoka Ubelgiji pamoja na mchumba wake Alice, aliye mjamzito, ili kumletea baba yake mahari. Katika kikao cha familia anambeba mtoto wa dada yake, damu inamtoka puani na kumwangukia mtoto, na ndani ya dakika chache mkutano wa furaha unageuka kuwa hukumu. Kisha filamu inatupeleka kwa watu wengine watatu waliobandikwa alama kama yake, mmoja wao akiwa mama yake mzazi.

Nilipoandika hukumu, nilianza na sheria ya ulimwengu wake, na hapo ndipo nilipoona ubora wake: filamu ina ndoto, rangi, mavazi na viumbe vya kiajabu, lakini haisemi popote kwamba Koffi ni mchawi wala haicheki wanaoamini hivyo. Inatuonyesha kwa ukamilifu kitu kimoja kinachoweza kuthibitishwa, nacho ni kile ambacho tuhuma humfanyia mtu. Uso wa Zinga akiwa amezungukwa na jamaa zake, asiyejua aombe radhi kwa kosa gani, una hofu kubwa kuliko wanyonyadamu wote niliowataja. Udhaifu niliouona ni katika kisa cha Paco, mmoja wa wale wengine watatu, na genge lake la vijana wa mtaani: kina picha nzuri mno, vijana wale wakiwa wamevaa sketi za waridi za wacheza baleti, lakini kinaungana na visa vingine kwa uzi mwembamba, na kila tulipokuwa naye nilitamani kurudi kwa mama yake Koffi.

Hapa nakupa kanuni ninayoishika bila kuilegeza. Filamu yoyote, iwe ya kutisha au ya maajabu, inayomwonyesha mtoto au mzee akituhumiwa uchawi, iulize iko upande wa nani kamera inapokuwa karibu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Mhakiki hana kazi ya polisi, wala simwombi aipige marufuku filamu yoyote. Ninamwomba aandike waziwazi pale ambapo mtoto anawekewa muziki wa zimwi na mwanga wa chini ya kidevu ili tufurahie kumwona akipigwa, kwa sababu kuna mtazamaji atakayetoka pale na kwenda nyumbani kuliko na mtoto. Ufundi unaweza kuwa wa hali ya juu na hukumu ikawa nzito. Yote mawili yaandikwe katika uhakiki mmoja.

Filamu ya kuchekesha: nani anachekwa, na kwa lugha gani

Kichekesho ndicho kigumu zaidi kukiandikia, kwa sababu ukikieleza kinakufa. Usisimulie mizaha. Mzaha mmoja, ulionukuliwa vizuri, unamtosha msomaji kujua ladha ya mingine.

Tazama pamoja na watu, uandike nani alicheka na wakati gani. Watoto wakicheka peke yao, au wanaume wakicheka na akina mama wakanyamaza, huo ni ushahidi ambao kamwe huwezi kuupata ukiwa peke yako na simu. Kisha itazame tena peke yako, ukiuliza nani anachekwa: mwenye nguvu au asiye na nguvu? Mtu anachekwa kwa alilolifanya au kwa alivyozaliwa? Mji huu una shule yake katika jambo hili. Kundi la Mufwankolo, lililowachekesha watu wa Lubumbashi kwa miaka mingi redioni, kwenye televisheni na jukwaani, lilitunga mwaka 1986 mchezo mzima kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na kicheko chake kilipanda juu, kuelekea kwa anayekula. Kilitegemea pia namna mtu anavyosema: anayejikweza kwa Kifaransa, anayejibu kwa Kiswahili cha mtaani, anayejaribu Kiswahili sanifu akakwama njiani. Ondoa lugha hizo, ubakize maneno ya jumla, na nusu ya kicheko imekwisha.

Ndiyo maana lazima uandike ulitazama toleo gani. Vichekesho vingi vya Marekani hutufikia vikiwa na sauti za Kifaransa zilizowekwa juu ya sauti za waigizaji, na mchekeshaji hufanya kazi kwa pumzi na kimya kilicho kati ya neno na neno, vitu ambavyo mtu anayeweka sauti mpya hawezi kuvihamisha vyote. Ukiona kichekesho kimepoa, tafuta toleo la sauti asilia lenye maandishi ya tafsiri, hata kama huelewi kila neno, usikilize mwendo tu. Jordan Peele alikuwa mchekeshaji kabla ya kutengeneza filamu za kutisha, na ukisikiliza *Get Out* katika sauti yake asilia utagundua kwamba anachelewesha hofu kwa kipimo kilekile ambacho mchekeshaji huchelewesha neno la mwisho.

Filamu ninayowapa vijana wafanyie zoezi si mpya sana, lakini inafaa: *Bienvenue à Marly-Gomont* ya Julien Rambaldi, ya mwaka 2016. Mwaka 1975 daktari kutoka Zaire, anayeigizwa na Marc Zinga yuleyule, anaihamishia familia yake katika kijiji kidogo cha kaskazini mwa Ufaransa, huku mkewe akiamini kwamba wanakwenda Paris. Nawaambia wachore mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja waandike mara ambazo wanakijiji wanachekwa kwa woga wao mbele ya daktari mweusi, upande wa pili mara ambazo Wakongo wanachekwa kwa kelele zao, mavazi yao au imani zao. Matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu, nayo huzua ubishi mkali, na ubishi huo ndio uhakiki unaoanza. Mimi nilihitimisha kwamba filamu ina huruma ya kweli kwa familia ile, lakini inawasamehe wanakijiji mapema mno, kabla hawajalipa chochote.

Kuandika hukumu yenyewe

Maneno 500 hadi 700 yanatosha. Sentensi ya kwanza iseme uamuzi wako, kwa kuwa msomaji anayenunua megabaiti kwa senti hana sababu ya kukufuata hadi chini ili kuutafuta. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi nne, na usivuke theluthi ya kwanza ya filamu. Kitu chochote kinachogunduliwa baada ya hapo ni mali ya mtazamaji. Kisha leta matukio mawili au matatu kutoka daftarini, yale yaliyobeba hukumu yako, ukieleza kilichoonekana na kilichosikika kabla ya kusema ulivyohisi.

Taja angalau jambo moja linalopinga uamuzi wako. Kama uliipenda, sema palipokuchosha. Kama uliichukia, sema palipokugusa. Sipendi nyota, nne kwa tano au tatu kwa tano, kwa sababu huwafanya watu wasome tarakimu na kuacha maneno, lakini ukizitoa, zitoe ndani ya aina moja: filamu ya kuchekesha yenye nyota nne haishindani na ya kutisha yenye tatu.

Maneno nayo yachunguzwe. Futa "nzuri", "mbaya", "kali" na "ya kiwango cha kimataifa", uone kama sentensi bado inasimama. Isiposimama, haikuwa na kitu. Andika majina ya watu kama yanavyoandikwa kwenye filamu yenyewe, ukayahakiki herufi kwa herufi. Na ikiwa unamjua mwongozaji, kama inavyotokea kwa filamu fupi zinazotengenezwa hapa mjini na vijana tunaokutana nao kila siku, mwambie msomaji hivyo katika aya ya kwanza, kisha uandike kwa ukali uleule na upole uleule ambao ungempa mgeni wa mbali. Mwongozaji kijana aliyeuza simu yake ili akodi kamera anastahili kuambiwa kwamba sauti yake haisikiki dakika ya tisa, pamoja na dakika yenyewe, ili airekebishe kabla ya kuionyesha filamu tena.

Kabla ya kuitoa, mpe mtu mmoja aliyeiona filamu na mtu mmoja asiyeiona. Wa kwanza atakuambia ulipokosea. Wa pili muulize swali moja tu, kama sasa anajua aitazame au aiache, na akisitasita rudi kwenye daftari utafute tukio lililokosekana.